Mpwa wangu Kanada anaingia umri wa kupigwa vikumbo kwenye magongo ya barafu, mnaojua sheria zake nisaidieni

MjombaWaKibirizi

Wakuu habari za usiku. Niko Kigoma, Kibirizi hapa ziwani, na nimetwishwa mzigo ambao sikuuomba. Dada yangu yuko Calgary, Kanada, mwaka wa tisa huu, na mumewe na watoto watatu, yule mkubwa wa kiume anatimiza miaka 13, na tangu ana miaka mitano anacheza magongo ya kwenye barafu, huko ni kama huku kwetu chandimu, kila mtoto yumo.

Sasa ishu ni hii. Mpaka msimu uliopita walikuwa wanacheza bila kukumbana, mtoto akimpamia mwenzake makusudi refa anapuliza. Septemba anapanda kundi linaloitwa U15, yaani chini ya miaka 15, na kule ni ruksa kupigana vikumbo, wao wanaita bodi cheki. Dada hataki kabisa. Shemeji anataka, anasema mtoto wa kiume hafundwi kwa kukwepa. Wamevutana wiki mbili, juzi wakanipigia mimi eti mjomba aseme neno, huku saa nne usiku kule saa saba mchana, simu imewekwa spika, wote wamekaa kimya wananisikiliza, na mimi barafu ninayoijua ni ile ya kupakia migebuka.

Dada katuma klipu mbili. Ya kwanza mtu kapigwa bega la kifua, kakaa chini, kainuka, kaendelea, refa hana hata habari. Ya pili kijana kaelekea ukutani anahangaika na kile kisahani chao, mwenzake katoka nyuma kamsukuma mgongoni, kichwa kikaenda ukutani. Hiyo nimeiangalia mara moja nikazima simu.

Kwa hiyo nauliza. Hizo mbili kisheria zina tofauti gani, maana mimi naona zote ni ugomvi? Kwa nini wanaruhusu katika umri huo? Na mtoto anaweza kukataa vikumbo bila kuacha mchezo? Naombeni majibu ya kweli kwanza, utani uje baadaye.

ChaliWaMwanga

Utani unakuja sasa hivi mkuu hausubiri 😂 wewe mwenyewe mwaka juzi uliteleza pale mwaloni na bonge la barafu begani, dagaa wa watu wakamwagika, hakuna aliyekupiga kikumbo. Leo unaombwa ushauri wa kuteleza.

Halafu nchi hii na magongo tuna historia jamani, tuheshimiane. Olimpiki ya Moscow 1980 tulipeleka timu ya mpira wa magongo, ule wa kwenye nyasi, India wakatupiga 18 kwa 0. Kumi na nane. Kwa hiyo ushauri wetu ni wa kimataifa.

Haya naacha, wenye akili waje.

MtamboWaBarafu

Mkuu nimesoma uzi wako nikacheka peke yangu. Mimi ni mtu wa Urambo, Tabora, lakini nimekaa Edmonton miaka kumi na moja, sita kati ya hiyo nilikuwa kwenye jengo la magongo ya barafu, nilianza kufagia mabenchi nikaishia kuendesha ule mtambo unaolainisha barafu kila mapumziko. Sijawahi kucheza, ila nimeangalia watoto wakicheza kila jioni mpaka nikawa nawajua kwa mlio wa viatu. Kikumbo kizuri ukiwa stoo nyuma unasikia tu "bam", ukuta unatikisika, halafu viatu vinaendelea kukwaruza. Kibaya unasikia bam halafu kimya. Hicho kimya ndicho dada yako anachokiogopa na haki yake.

Sasa tofauti ya klipu zako. Ile ya kwanza ni kikumbo halali. Lengo la kikumbo kisheria siyo kumuumiza mtu, ni kumtenganisha na paki, hicho kisahani cha mpira mgumu. Kwa hiyo anayepigwa lazima awe ndiye mwenye paki au ameiachia sasa hivi tu, ukimkumba asiyekuwa nayo ni faulo. Unatumia bega, nyonga au kiwiliwili, kiwiko kinabaki chini, goti hulitoi nje, huruki, hutoki umbali mrefu ukishindilia mwendo kama basi lililokatika breki, na unampiga kwa mbele au ubavuni. Ya pili imevunja karibu kila kitu, ni kumpiga mtu kwa nyuma, tena karibu na ukuta, hiyo kwa watoto refa hakupi dakika mbili za kukaa kibandani tu, unapewa adhabu kubwa na unatolewa, kisha unafungiwa mechi. Kule utaona hata jezi za watoto baadhi zimeshonwa alama nyekundu ya SIMAMA mgongoni, kama ile ya barabarani, ukiiona mbele yako maana yake umetazama mgongo wa mtu, usisukume.

Kitu ambacho wengi hawajui, na mimi nilikuja kukiona baada ya miaka, ni kwamba hatari kubwa siyo aliyebanwa ukutani. Aliyebanwa kabisa, bega limegusa ukuta, akipigwa nguvu inaishia kwenye ukuta na ukuta unanesa kidogo. Mwenye shida ni aliyesimama kama mita moja kutoka ukutani kainamisha kichwa anaangalia paki, huyo akisukumwa anaruka ile mita yote na utosi ndio unafika wa kwanza. Kuna kijana wa chuo Boston, Travis Roy, mwaka 1995 mechi yake ya kwanza kabisa, sekunde 11 tu tangu aingie, alikwenda yeye kumpiga kikumbo mwenzake akakosa, akaingia ukutani kichwa mbele, shingo ikavunjika, alipooza mpaka alipofariki 2020. Na hapo hakuna aliyemfanyia faulo. Ndiyo maana kocha mzuri kabla hajafundisha kupiga anafundisha kupigwa. Kichwa juu, magoti yamekunjwa, ukifuata paki ukutani uende kwa pembe siyo kifua mbele, na fika ukutani kabisa usiishie njiani.

MjombaWaKibirizi

Mtambo ubarikiwe kaka, nimekuelewa kuliko mtu yeyote. Hiyo ya mita moja naiandika kwenye daftari. Sasa kwa nini wanaruhusu kuanzia 13 na siyo 18?

MtamboWaBarafu

Hapo kuna hadithi, na inahusu huko huko kwa dada yako. Zamani Alberta watoto wa miaka 11 na 12 walikuwa wanaruhusiwa vikumbo, Quebec hawaruhusiwi mpaka wakue zaidi. Mchezo ule ule, nchi ile ile, sheria tofauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary wakiongozwa na Carolyn Emery wakawafuatilia watoto wa pande zote mbili, wakachapisha 2010. Wa Alberta hatari ya kuumia na ya ubongo kutikisika ilikuwa zaidi ya mara tatu ya wa Quebec. Mara tatu mkuu, siyo robo. Marekani wakaondoa vikumbo kwa umri huo 2011, Kanada nzima ikafuata msimu wa 2013/14. Kwa hiyo mpwa wako hajacheza vikumbo mpaka leo kwa sababu ya hao watoto wa Alberta walioumia kabla yake.

BekiMstaafu

Mimi nitapingana kidogo msinishambulie. Nimecheza beki ligi ya mkoa miaka nane hapa Kigoma, sijui barafu, ila najua kukumbana. Mtoto usipomfundisha mapema kupokea bega, siku anapokutana nalo akiwa na miaka 14 na mwenzake ana ndevu na kilo 75 ndipo anaumia vibaya. Sisi tulianza kusukumana tukiwa wadogo wepesi, unaanguka unacheka. Kumzuia mpaka akue halafu unamtupa kwa majitu, hiyo naona ndiyo hatari yenyewe. Shemeji ana hoja.

MtamboWaBarafu

@BekiMstaafu hoja yako ndiyo ile ile waliyotoa makocha wa Alberta, na haikudharauliwa, waliifuatilia. Watoto walipofika 13 na 14, ambapo mikoa yote miwili wanapigana vikumbo, wakalinganisha waliozoea mapema na wasiozoea. Kwa jumla kuumia hakukuwa na tofauti ya maana. Nikuachie na haki yako kidogo, yale majeraha ya kumweka mtoto nje zaidi ya wiki yalikuwa machache kwa wale waliozoea. Lakini ukiweka mezani mara tatu ya miaka miwili ya mwanzo, hesabu haikubali. Ila la kufundishwa mapema uko sahihi, tofauti ni kwamba siku hizi wanafundishwa mazoezini, kupimana pembe, kusimama, kubanana, bila kuruhusu kwenye mechi ambako kila mtu kapandwa na mori.

BekiMstaafu

Sawa hapo nimekubali nusu.

NesiWaIpuli

Naomba niingie, mimi ni nesi Tabora mjini, wodi ya majeruhi, na wateja wangu ni wa bodaboda siyo wa barafu ila kichwa ni kichwa.

Mjomba, nimeona hujauliza jambo ambalo mimi ningeuliza la kwanza, kwamba mtoto akishagongwa kichwa nini kinafuata. Watu wanaona mtoto kavaa helementi na ile kioo cha usoni wanajua yuko salama. Helementi inazuia fuvu kupasuka, kazi hiyo inaifanya vizuri sana, lakini ubongo uko ndani unaelea kwenye majimaji na mwili ukisimama ghafla ubongo haujasimama. Chukua kibuyu cha maziwa kitikise, kibuyu hakipasuki, ila ukimimina unakuta ndani siyo yale uliyoweka. Ndiyo maana mtu anaweza kupata mtikisiko wa ubongo bila kupigwa kichwani, bega tu la kifua lakini shingo ikayumba. Na wengi hawazimii! Hilo ndilo linalowaponza. Anasema niko poa, halafu anauliza tumefunga ngapi mara nne.

Nina mdogo wangu, tulikuwa bado tuko nyumbani, yeye anasoma sekondari, siitaji ipi. Waligongana vichwa na mwenzake kwenye kona, akamwagiwa maji, mwalimu wa michezo akamwambia we mwanaume ingia, akaingia, akacheza dakika ishirini anakimbilia goli letu. Kurudi nyumbani akatapika, akalala mchana kutwa, taa ikiwashwa analia. Alikaa zaidi ya mwezi hawezi kusoma ukurasa mmoja akaumaliza. Alipona, mshukuru Mungu, lakini mtihani wa mwaka ule ulikwenda na maji, na mama yangu mpaka leo akisikia firimbi ya mpira anatoka nje.

Kinachoua hasa ni pigo la pili kabla la kwanza halijapona. Kanada wanalo somo lake, binti anaitwa Rowan Stringer, alikuwa na miaka 17, mchezaji wa raga Ottawa, mwaka 2013 aligongwa kichwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache, hakusema, akacheza, la mwisho likamuua. Mkoa wa Ontario ukatunga sheria ya jina lake 2018, mtoto akishukiwa tu anatolewa mchezoni na harudi mpaka daktari au nesi mwenye mamlaka hayo aandike. Alberta ni mkoa mwingine, kwa hiyo dada aulize klabu yao wana utaratibu gani, ila kanuni ya kitabibu haina mkoa. Siku ile ile harudi uwanjani hata akisema yuko fiti. Siku moja mbili za kupumzika, simu na televisheni kidogo sana, kisha anaanza taratibu kutembea, kukimbia, kuteleza peke yake, mazoezi bila kugusana, hatua moja angalau siku nzima, dalili zikirudi anarudi nyuma. Vikumbo ni vya mwisho kabisa na baada ya karatasi ya daktari. Klabu ikishindwa kumweleza mama utaratibu wake kwa sentensi tatu, hapo mimi mtoto wangu simpeleki, vikumbo viwepo visiwepo.

MamaZawadi

Nesi umenifanya nimwangalie mwanangu vizuri hapa, jana kagongwa na mlango wa choo 😅

Naulizia na mabinti, mjomba umesema watoto watatu, wa kike wapo? Na wao wanakumbwa?

MtamboWaBarafu

Wanawake sheria yao ni nyingine. Kombe la dunia lao la kwanza, Ottawa 1990, vikumbo viliruhusiwa, baadaye vikaondolewa, kugusana kunakuwepo kubanana mkono kwa mkono lakini kumkumba mtu wazi wazi ni adhabu. Sasa upepo unageuka kidogo, Sweden ligi yao kuu ya wanawake imeruhusu kuanzia 2022, na ile ligi mpya ya kulipwa ya Amerika Kaskazini iliyoanza Januari 2024 wanaachia kugongana zaidi ya kimataifa. Kwa mabinti wadogo usiwe na wasiwasi, hakuna.

ChaliWaMwanga

Swali zito kidogo, hivi hao mapro wa NHL, ile ligi kubwa ya kulipwa kule, mbona wanauana tu na refa anaangalia? Nimeingia kutafuta klipu bando langu lote limekwisha kwa damu.

MtamboWaBarafu

Wale ni dunia nyingine na hata wao wamebadilika wakiwa wanakokotwa. Machi 2010 Matt Cooke wa Pittsburgh alimpiga Marc Savard wa Boston bega la kichwa kutoka upande asiouona, Savard akatolewa kwa machela, na unajua adhabu ya Cooke? Hakuna. Siyo kwamba refa kipofu, kitabuni hakukuwa na kipengele cha kumkamata, bega lilikuwa halali popote linapotua. Mwezi ule ule wakaingiza sheria ya kupiga kichwa, mwaka uliofuata wakaikaza. Savard alirudi, akagongwa tena Januari 2011, hakucheza tena maisha.

Kwa watoto Kanada hawakusubiri hivyo, kwao kichwa ni marufuku hata kwa bahati mbaya. Yaani bega likiteleza likagusa kofia ya mwenzako ni dakika mbili, hamna "sikukusudia refa". Ndiyo maana mtoto mrefu anafungiwa sana akicheza na wafupi, inaonekana ni uonevu lakini inamfundisha kushuka magoti kabla ya kupiga.

Na shingo, mjomba usisahau shingo. Oktoba 2023 Uingereza, Sheffield, mchezaji Adam Johnson alikatwa shingo na kisu cha kiatu cha mwenzake kwenye kugongana, akafa. Tangu hapo kinga ya shingo imekuwa lazima mahali pengi ambako watu wazima walikuwa wanaikataa eti inawasha. Kanada kwa watoto ilikuwa lazima kitambo, ila watoto wanailegeza ikae kama kola ya shati. Mwambie dada aiangalie kwa mkono wake kila mechi.

Nimebakiza swali lako la mwisho ambalo ndilo la maana kuliko yote haya. Calgary U15 ina makundi mawili, la vikumbo na lisilo na vikumbo, hata U18 ipo hivyo. Wakati wa kujiandikisha unachagua. Anayelenga timu za juu kabisa hana jinsi, huko vikumbo vipo, lakini mtoto wa kawaida anayecheza kwa sababu anapenda anaendelea zake mpaka 17 bila kukumbwa. Kwa hiyo dada na shemeji wanapigania mlango ambao una pacha wake pembeni.

MjombaWaKibirizi

Wakuu narudi na mrejesho maana mmenitendea haki.

Jana nimepiga, nikasema kwanza nipeni mtoto, nyie wazazi tokeni sebuleni. Dogo Kiswahili chake kimeanza kupinda lakini tunaelewana. Nikamuuliza, we unataka nini. Kimya. Nikamwambia mimi niko Kigoma siwezi kukuchapa sema tu. Akasema mjomba, mimi napenda kupiga pasi, kwenye kundi la vikumbo kuna kijana mmoja alikuwa timu yetu msimu uliopita ameongezeka kama mlango, sitaki, ila baba atasema naogopa. Nikamuuliza na je, unaogopa? Akasema ndiyo, kidogo. Kisha akaniuliza kama huku ziwani tunaogopa. Nikamwambia mtu asiyeogopa Tanganyika upepo ukianza kuvuma usiku ni yule asiyewahi kuvuka.

Nikaita wazazi. Nikawasomea daftari langu lote, la mita moja, la Alberta na Quebec, la hatua za kurudi baada ya kugongwa, na makundi mawili. Dada alikuwa hajui hayo makundi mawili, barua ya klabu ilikuja kurasa sita akasoma ya ada tu. Shemeji yeye alijua. Hapo ndipo palikuwa na ukimya mrefu wa kulipia dakika. Halafu akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekereka, shemeji, wewe uko Kibirizi unauza samaki, haya umeyajulia wapi?

Nikamwambia nina watu.

Tumekubaliana mwaka huu aingie lisilo na vikumbo, na mazoezi ya kupokea bega ayafanye na kocha, hilo nimemwachia shemeji asimamie mwenyewe ili naye awe na chake. Mwakani waulize tena, wamuulize mtoto.

BekiMstaafu

Hilo la mazoezi ni langu, niwekewe jina.

NesiWaIpuli

Mjomba, na karatasi ya utaratibu wa kichwa klabu wamempa dada?

MjombaWaKibirizi

Ameandika barua pepe jana hiyo hiyo, bado hawajajibu. Wakijibu naileta hapa uikague.

ChaliWaMwanga

"Nina watu" 😂😂 mwambie na wa Urambo yupo, na anayekudai dagaa waliomwagika pia yupo, anasubiri